Ekari Kumi na Ndoo ya Mipira

Klabu ya gofu ya Royal Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1906, imepakana na Kibera. Vizazi vya watoto wa mtaa ule vimekua vikisikia mlio wa fimbo ikigonga mpira ng'ambo ya ua, na kwa wengi wao mlango pekee wa kuingilia mle umekuwa ule wa kedi, mbeba mkoba wa mchezaji. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967. Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978, Ian Woosnam mwaka 1986. Nchi yenye historia ndefu namna hiyo ya gofu bado ina mamilioni ya watu wasiowahi kushika fimbo hata ya kuazima.

Kuingia klabu ni safari. Anatakiwa mwanachama wa kukupendekeza, mwingine wa kuunga mkono, kisha ada ya kujiunga ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuitoa mfukoni. Renji haina mambo hayo. Ni uwanja wa mazoezi tu: mstari wa mikeka ya nyasi bandia, ndoo ya mipira unayoilipia, na uwanda mbele yako wa kuipigia. Hakuna mashimo kumi na nane, hakuna kadi ya alama, na hakuna anayekuuliza baba yako ni nani.

Naamini Kenya inahitaji renji ndogo nyingi, zinazomilikiwa na watu wa kawaida, na katika mjadala huu nina upande. Lakini nimeona jinsi wazo zuri linavyoharibiwa na wanaolipenda bila kulihoji, kwa hiyo nimelikalisha mbele ya watu wenye haki ya kulipinga. Watu hawa nimewatunga. Shamba lao ni la ekari kumi, nje kidogo ya Kitengela, ukiiacha barabara ya Namanga. Mama ni mjane na hati iko kwa jina lake. Binti ndiye mwenye wazo. Mjomba, kaka yake Mama, ni mhasibu mstaafu. Mwalimu anafundisha gofu baada ya kuanza maisha kwa kubeba mikoba, kama walivyoanza wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya. Wakili amealikwa. Mzee ni jirani wa upande wa mashariki, na amekuja bila kualikwa, kwa sababu kuu kuliko za wote.

BINTI: Mama, shikamoo. Mjomba, Mzee, shikamooni. Nitasema kwa ufupi. Shamba hili limelala miaka minne. Naomba nipewe nafasi niweke renji ya watu kumi na wawili. Nahitaji mikeka kumi na miwili, mipira elfu nne, kibanda cha mabati, tangi la maji, choo safi, na fimbo za kukodisha, zikiwemo fupi za watoto, nyepesi za kina mama na chache za wenye kutumia mkono wa kushoto. Kuanzia Mlolongo mpaka Kitengela watu wanajenga kila siku. Wana magari, wana watoto, na wikendi hawana pa kwenda isipokuwa kwenye nyama choma.

MJOMBA: Marahaba. Sasa nikuulize swali ambalo benki ingekuuliza. Ekari moja hapa inatoa ploti nane za futi hamsini kwa mia. Ukitoa barabara za ndani, ekari kumi ni ploti sabini na kitu, na mawakala wanampigia mama yako simu kila wiki. Kwa nini ardhi yenye bei kama hiyo itumike kupigia vipira?

BINTI: Kwa sababu ploti ukishaiuza, Mjomba, umeiuza. Renji nikiifunga baada ya miaka mitatu, ardhi iko palepale. Sitachimba msingi wa ghorofa. Mkeka unabebwa, kibanda kinafunguliwa, na thamani ya ardhi inaendelea kupanda huku inalipa mshahara wa watu wanne.

MJOMBA: Ikilipa. Nimefanya hesabu kwa kukadiria, nawe unisahihishe. Tuseme ndoo ya mipira hamsini ni shilingi 400. Siku za kazi ziwe ndoo 25 kwa siku, wikendi ndoo 70. Siku 22 za kazi ni ndoo 550, siku nane za wikendi ni ndoo 560. Jumla 1,110, yaani shilingi 444,000 kwa mwezi. Ni nzuri. Gharama za wafanyakazi, mlinzi, maji, umeme, dizeli, bima na leseni naziweka laki tatu. Sasa punguza wateja. Siku za kazi waje kumi, wikendi thelathini. Unapata ndoo 460, shilingi 184,000. Umekula hasara ya laki moja na ushee katika mwezi ambao hata mvua haikunyesha.

BINTI: Siku za kazi ndizo zenye shida, nakubali.

MJOMBA: Shida yake ni jua. Hapa linatua saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima karibu vilevile. Mtu anatoka ofisini saa kumi na moja, anakwama Mlolongo, anafika kwako giza. Bila taa huna wateja wa Jumatatu mpaka Ijumaa. Ukiweka taa, umeongeza mtaji na bili.

Hoja hii ya Mjomba ndiyo ninayoiona ikipuuzwa mara nyingi na wenye ndoto ya biashara hii. Waliotuletea picha za renji zinazong'aa wanatoka nchi ambako jua la kiangazi hutua saa tatu usiku. Sisi tuko karibu na ikweta, ambako jioni haina marefu. Kwa hapa, taa si anasa ya kuongezwa biashara ikishanawiri. Ama ziwemo kwenye mtaji tangu mwanzo, ama mwenye renji aikubali kuwa biashara ya asubuhi na wikendi na ajipange hivyo.

BINTI: Basi nianze na wikendi na asubuhi. Athi River ina viwanda na eneo la EPZ, kuna watu wa zamu wanaotoka kazini mchana. Shule ziko nyingi. Taa ziingie mwaka wa pili, tena chache, zikisimama nyuma ya wapigaji na kumulika mbele.

MWALIMU: Kabla hamjafika kwenye taa, naomba nione umbo la shamba. Ekari kumi zinaweza kuwa renji nzuri au zisifae kabisa, kutegemea zimekaaje.

MAMA: Ni refu. Kutoka kusini kwenda kaskazini ni kama mita mia tatu. Upana ni mia moja thelathini na tano hivi.

MWALIMU: Mungu amewapenda, Mama. Kama lingekuwa limelala mashariki kwa magharibi, ningewaambia muuze. Mchezaji wa jioni akitazama magharibi hauoni mpira wake kwa sababu ya jua, na wa asubuhi akitazama mashariki ni hivyohivyo. Hapa tutasimama kusini tukipiga kaskazini. Sasa urefu. Mwanamume wa kawaida anayejifunza, kwa fimbo kubwa, hapeleki mpira mbali zaidi ya mita mia mbili. Wapo vijana wanaofika mia mbili sitini. Na hapa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali zaidi kuliko Mombasa. Kanuni tunayoitumia ni asilimia moja na kitu kwa kila futi elfu moja, kwa hiyo mita 250 za Nyali hapa zinakaribia 265. Mita mia tatu zinatosha, lakini hazina ziada ya kujivunia.

MZEE: Urefu haunihusu. Mimi niko pembeni. Nieleze pembeni.

MWALIMU: Pembeni ndiko kwenye kazi, Mzee wangu, na sitakuficha. Anayeanza gofu, kama anatumia mkono wa kulia, mpira wake mara nyingi unapinda kulia. Ni kosa la kwanza la karibu kila mtu. Uso wa fimbo unabaki wazi wakati wa kugonga, mpira unazunguka, unakata kona angani. Tukitazama kaskazini, kulia ni mashariki. Kulia ni kwako.

MZEE: Nilijua.

MWALIMU: Sasa nisikilize hesabu. Watu kumi na wawili, kila mmoja apewe mita tatu, ni mita 36. Tukiwaweka katikati ya upana wa mita 135, kila upande unabaki na mita 49 na nusu. Mpira ukitoka digrii 15 nje ya mstari, ukifika mita mia mbili umeshahama mita 52. Umevuka mpaka. Kwa hiyo tusiwaweke katikati. Tuwasogeze magharibi, tuache mita 30 kushoto na mita 69 kulia. Na wenye kutumia mkono wa kushoto, ambao mpira wao hupinda kinyume, wapewe mkeka wa mwisho kulia, ili wakikosea wakosee kuelekea katikati ya shamba.

WAKILI: Na ule uliotoka digrii 25?

MWALIMU: Huo upo, Wakili. Ni nadra, lakini upo. Mtu aliyekasirika anaweza kuupeleka popote.

WAKILI: Basi niwape kesi mbili, zote za Uingereza, lakini misingi yake ndiyo iliyorithiwa na mahakama zetu. Mwaka 1922 iliamuliwa kesi ya dereva wa teksi aliyekuwa akipita barabarani kando ya kiwanja cha gofu. Mpira uliopinda kutoka kwenye shimo la 13 ulivunja kioo cha gari, akapoteza jicho. Klabu ilijitetea, ikashindwa, kwa sababu mipira ilikuwa na mazoea ya kutua kwenye barabara ile. Mwaka 1951 ikaamuliwa kesi ya mwanamke aliyepigwa na mpira wa kriketi akiwa nje ya nyumba yake. Yeye alishindwa. Kwa nini? Kwa sababu katika miaka kama thelathini mipira ya kuvuka ua ule ilikuwa sita hivi. Mnaona tofauti? Jaji anauliza imevuka mara ngapi na mlifanya nini mlipojua. Renji ya mipira elfu hamsini kwa mwezi haiwezi kusema haikujua.

MAMA: Elfu hamsini?

MJOMBA: Ndoo 1,110 mara mipira hamsini, dada. Ni 55,500.

Naomba nisimame hapa, kwa kuwa ndipo biashara hii inapotofautiana na klabu ya gofu. Kwenye kiwanja cha mashimo kumi na nane mchezaji anapiga fimbo kubwa mara kumi na nne hivi kwa mzunguko mzima. Kwenye renji anaipiga mara thelathini kwa nusu saa, akiwa bado hajui. Kosa ambalo klabu inaliona mara moja kwa wiki, renji italiona kabla ya chai ya saa nne. Mpira wenyewe kwa kanuni hauzidi gramu 45.93 na kipenyo chake hakipungui milimita 42.67. Ni mdogo, mgumu, na ukitoka kwenye fimbo ya kijana mwenye nguvu unavuka kilomita mia mbili kwa saa. Anayeanzisha renji anauza mwendo huo kwa watu wasioweza kuuongoza. Hilo lazima alikubali kwa moyo wote, ndipo aende kutafuta mikeka.

BINTI: Kuna nyavu. Japani wanapiga gofu katikati ya miji, renji za ghorofa tatu zimezungushiwa nyavu ndefu.

WAKILI: Na Japani imetufundisha jambo jingine. Septemba 2019 kimbunga Faxai kilipiga mkoa wa Chiba. Katika mji wa Ichihara, nguzo za chuma za wavu wa renji zilianguka juu ya nyumba za majirani. Nyumba zaidi ya kumi. Wavu mrefu ni tanga la jahazi. Upepo ukija, nguzo ndiyo inayobeba mzigo.

MZEE: Na nguzo zenyewe mtazisimamisha kwenye udongo gani? Huu ni udongo mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Nimeona kuta za nyumba za hapa zikifunguka kama mdomo. Nguzo ya mita ishirini itasimama wima mwaka mmoja, wa pili itaanza kuinama kuangalia kwangu.

MJOMBA: Mzee ameniokolea muda. Wavu na nguzo za kweli kwenye udongo huu, zenye mhandisi na msingi wa kina, zinaweza kula mtaji kuliko vitu vingine vyote vikijumlishwa.

MWALIMU: Ndiyo maana mimi sipendi tuanze na nyavu. Tuanze na nafasi. Ipo mipira ya mazoezi iliyotengenezwa isiende mbali, inapungukiwa kama robo ya masafa. Wachezaji wazoefu huichukia kwa sababu haiwaonyeshi umbali wao halisi, lakini wateja wetu si wazoefu. Tuwape hiyo, na fimbo kubwa tusiikodishe kabisa miezi ya kwanza. Anayeanza anahitaji fimbo fupi ya chuma, inayopeleka mpira mita mia na ishirini na inayosamehe zaidi. Mwenye fimbo kubwa yake mwenyewe apige kutoka mikeka minne ya magharibi, mbali na Mzee.

Hapa nasema wazi kwamba namuunga mkono Mwalimu. Kupiga kwa nguvu ndiyo burudani ya wateja, lakini kujifunza hakuanzii hapo. Renji inayomkodishia mgeni fimbo kubwa siku ya kwanza inamtafutia aibu mteja na hatari jirani kwa bei moja.

MZEE: Mmesahau nyufa.

BINTI: Nyufa gani, Mzee?

MZEE: Za Februari. Udongo huu ukikauka, unafunguka ufa ambao mguu wa mbuzi unaingia. Huo mpira wenu wa kama sentimita nne, utautoa na nini?

MJOMBA: Hilo sikuwa nalo kwenye hesabu. Ngoja. Tuseme katika kila ndoo unapotea mpira mmoja tu, kwa ufa, kwa tope la masika, kwa mtoto aliyeutia mfukoni. Mmoja kati ya hamsini. Kwa mwezi ni mipira 1,110. Mipira yenu elfu nne inaisha kabla ya miezi minne. Hata mkiununua kwa shilingi sitini tu, ni zaidi ya shilingi elfu sitini na sita kila mwezi zinazoingia ardhini.

BINTI: Kwa hiyo tuwe na nyasi kabla ya wateja.

MWALIMU: Nyasi za kutambaa, zenye kufunika kabisa. Ardhi iliyofunikwa haipasuki kama iliyo uchi. Zipandwe mvua za Oktoba, zipewe masika ya Machi mpaka Mei zishike, na mitaro ichimbwe pembeni maji yasituame. Mkifungua mapema kwenye udongo mtupu, masika ya kwanza mipira itazama kama mbegu. Na mkusanyaji asiingie uwanjani watu wakipiga. Iwe kengele, kila mtu aweke fimbo chini, ndipo aingie. Nimeona vijana wakiokota mipira huku wateja wanaendelea, na wengine wakifanya mchezo wa kuwalenga. Huo ni unyama, na renji yenye tabia hiyo ifungwe.

MAMA: Nyasi nani atazikata? Mashine inakunywa mafuta.

MZEE: Kondoo.

MAMA: Kondoo wako?

MZEE: Ninao arobaini na wanatafuta malisho. Waingie alfajiri, watoke saa tatu. Nyasi zitakuwa fupi kuliko za mashine. Lakini sijasema nimekubali. Nasema tu kwamba kondoo wapo.

WAKILI: Mzee anataka jambo la haki, na mimi ningelitaka liandikwe. Mama, hii ardhi kwa matumizi yake ni ya kilimo. Kuigeuza kuwa ya biashara ya michezo ni lazima kuomba mabadiliko ya matumizi kwa kaunti, na majirani wana nafasi ya kutoa pingamizi. NEMA, mamlaka ya mazingira, nao watataka kuona. Kuna leseni ya biashara ya kila mwaka, na kuna bima ya dhima kwa umma, ambayo nisingefungua hata saa moja bila kuwa nayo. Kibao cha kusema "unaingia kwa hatari yako" hakimfungi mtu aliye nje ya ua. Yeye hakuingia popote.

MJOMBA: Na hati isiende benki.

BINTI: Sikuomba iende, Mjomba.

MJOMBA: Bado. Ukikwama mwezi wa sita utaomba, nami nakujua. Nasema mbele ya Wakili: fungua kampuni yako, ikodi ardhi kwa mama yako kwa maandishi, na hata kama kodi ni ndogo ilipwe kila mwezi. Kampuni ikifa, ife peke yake.

WAKILI: Na ukodishaji wa shamba la kilimo nao una idhini yake ya bodi ya ardhi. Usiachwe.

MAMA: Nami niseme. Pombe haitauzwa hapa.

MJOMBA: Dada, hapo umeikata biashara mkono wa kulia. Mwaka 2000 huko Uingereza, karibu na Watford, ilianza kampuni ya Topgolf. Waliweka chipu ndani ya mpira, wakaweka shabaha za alama uwanjani, ikawa mchezo wa kundi la marafiki. Leo ina viwanja vikubwa Marekani, na watu wanakwenda kula, kunywa na kucheka. Mipira ni sababu ya kukusanyika. Korea Kusini nako watu wanacheza ndani ya vyumba mbele ya skrini, na wengi wao hawajakanyaga uwanja wa kweli. Pesa iko kwenye meza.

BINTI: Ni kweli, lakini ile ni biashara ya mtaji wa mabilioni na meza mia. Mimi nikiweka baa kwenye mikeka kumi na miwili, nitakuwa baa yenye mipira, na Kitengela haina upungufu wa baa. Pia nani ataniletea mtoto wa miaka tisa Jumamosi asubuhi mahali ambapo Ijumaa usiku palikuwa na walevi wenye fimbo mkononi?

MAMA: Chai, mandazi, mahindi ya kuchoma, soda. Basi.

Mjomba ana haki kwa upande wa hesabu, na sitamdhihaki. Ila naona Binti ameshika kitu kikubwa zaidi ya pesa ya meza. Wateja wa gofu katika upande huu wa Nairobi hawapo wakisubiri. Hakuna foleni ya watu wenye mikoba ya fimbo waliokosa pa kupigia. Mwanachama wa klabu ya Karen au Muthaiga ana pake pa mazoezi na hataendesha gari mpaka Kitengela kwa ndoo ya shilingi mia nne, hata kama barabara ya juu ya Nairobi, yenye kilomita 27, imemfupishia njia mpaka Mlolongo. Wateja wa renji hii itabidi watengenezwe, mmoja mmoja, kutoka kwa watu ambao leo wanaamini gofu si yao. Anayewatengeneza ni mwalimu.

MWALIMU: Nami ndipo nilipotaka kufika. Binti amehesabu mikeka na mipira, hakunihesabu mimi. Mgeni anakuja, analipa, anapiga mara kumi hewani bila kugusa mpira. Wenzake wanacheka. Anapiga ardhi, kiwiko kinauma kwa sababu mkeka ni mwembamba na chini yake ni saruji. Anamaliza ndoo kwa adabu na harudi tena. Akikaa na mtu dakika kumi za kwanza, akafundishwa kushika fimbo, kusimama, kutazama mpira, basi mpira wa tano au wa sita utapaa. Huo mmoja ndio unaomrudisha. Naomba dakika hizo kumi ziwe bure kwa kila anayekuja mara ya kwanza, na kampuni inilipe mimi kwa ajili yake. Masomo marefu tutagawana mapato.

MJOMBA: Bure inatoka wapi?

MWALIMU: Inatoka kwenye ndoo ya pili, ya tatu na ya arobaini. Umepiga hesabu ya wateja wanaokuja, Mjomba. Piga ya wanaorudi.

MJOMBA: Nakubali hiyo. Kwa sharti kwamba mnaandika kila mteja, lini alikuja, lini alirudi. Malipo yote yapite kwenye namba ya till, nione. Robo ya wageni wasiporudi ndani ya miezi miwili, msiongeze mkeka hata mmoja, na taa msizitaje.

BINTI: Na makedi? Wapo waliokwisha kustaafu kubeba mikoba, wanaujua mchezo kuliko wanachama. Nataka wawili wawe wasaidizi wa Mwalimu, walipwe mshahara, wasitegemee bahashishi.

MWALIMU: Nakupa majina kesho. Wapo wanaoweza kukuambia kosa lako kwa kusikia mlio wa mpira.

MAMA: Nimesikia wote. Nakupa miaka mitatu, mwanangu. Mikeka iwe minane, si kumi na miwili. Hati inabaki kabatini kwangu. Nyasi kwanza. Lakini Mzee hajasema.

MZEE: Nina wajukuu watano wanaocheza upande ule wa ua, Mama. Hizi mita 69 ni za mdomo. Mimi nataka kuziona. Huyu Mwalimu alete vijana wake, wenye nguvu na wasiojua, wapige mipira mia tano kutoka pale wanapotaka kuweka mikeka, kabla hawajanunua hata mmoja. Mimi nitakaa kwangu na kiti changu mbali, nihesabu inayoingia.

WAKILI: Na hesabu iandikwe, mtie sahihi nyote wawili. Itawafaa kwa kaunti na, Mungu apishe mbali, kortini.

BINTI: Ikiingia mingapi ndipo ukatae, Mzee?

MZEE: Mmoja nitauokota nikuletee. Ikiwa mitatu, mtasogea magharibi tujaribu tena. Zaidi ya hapo ulime mboga.

MWALIMU: Ni sawa. Jumamosi, saa tatu, kondoo wakishatoka.

MJOMBA: Na hiyo mipira mia tano ni ya nani?

MWALIMU: Ya kuokotwa. Makedi wanayo kwenye magunia. Nitaikodi.

MJOMBA: Kwa bei gani?